Kasri la Chambord: ngazi mbili zisizokutana na mambo yanayochanganywa kulihusu

Picha ya Chambord, kasri jeupe la Ufaransa lenye minara na dohani nyingi juu ya paa, huzunguka mtandaoni kila baada ya muda, na karibu kila mara huja na maelezo yaleyale. Kwamba lilijengwa na Leonardo da Vinci. Kwamba lina meko 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Kwamba katikati yake kuna ngazi mbili zilizowekwa ili malkia asikutane na hawara wa mfalme. Mwaka 2025 likaongezeka jingine: uongozi wa kasri uliuomba umma michango ya kuokoa bawa moja lililofungwa kwa wageni kwa sababu si salama, na habari ilipofika kwa watu wengi ilikuwa imeshageuka kuwa "Chambord linaanguka."

Kila moja ya kauli hizo ina punje ya ukweli iliyovishwa nguo kubwa kuliko mwili wake. Njia rahisi ya kuzipima ni kuitazama ramani ya jengo lenyewe, kwa sababu Chambord ni miongoni mwa majengo machache ambayo ukishaelewa ramani yake, maswali mengi hujijibu.

Tuanze na maneno. Kifaransa kina neno moja, château, linalobeba vitu viwili ambavyo Kiswahili kimevitenganisha vizuri: ngome na kasri. Ngome ni ya kujilinda. Kasri ni makao ya mtawala, mahali pa kupokea wageni na kuonyesha enzi. Chambord kwa sura linafanana na ngome. Lina jengo kuu la mraba katikati, lenye upande wa takriban mita 44 na mnara mnene wa mviringo kila pembe, na jengo hilo limezungukwa na ua wenye kuta na minara mingine. Wafaransa huliita jengo hilo kuu donjon, jina la mnara wa mwisho wa kujihami katika ngome za kale. Lakini ukitazama kuta zake utaona madirisha makubwa kuanzia chini. Ngome yenye madirisha ya ukubwa huo ingetekwa kabla ya jua kuzama.

Mfano wa ngome halisi ya zama hizohizo uko Mombasa. Fort Jesus, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ni fupi, nene, na pembe zake zimechongoka ili mizinga ifyatue pande zote bila kuacha mahali pa adui kujificha. Hivyo ndivyo mjuzi wa Renesansi alivyojenga alipotaka kujilinda. Minara mirefu ya mviringo ilikuwa imeshapitwa na wakati tangu mizinga ilipoenea. Chambord lilipewa minara hiyo kwa heshima yake tu. Kila mtu Ufaransa alijua kwamba bwana mkubwa hukaa kwenye nyumba ya minara minne, na mfalme hakutaka yake ipungukiwe.

Renesansi, yaani kuzaliwa upya, ni jina la kipindi ambacho wasanii na wajenzi wa Italia, kuanzia karne ya 15, walirudi kusoma majengo na maandishi ya Warumi na Wagiriki wa kale, wakatafuta uwiano, ulinganifu na hesabu katika kila walichojenga. François wa Kwanza alitawazwa mfalme wa Ufaransa mwaka 1515 akiwa na umri wa miaka 20, na Septemba ya mwaka huohuo akashinda vita vya Marignano, karibu na Milano. Aliyoyaona huko hayakumtoka. Tarehe 6 Septemba 1519 akaagiza ujenzi uanze Chambord, kwenye bonde lenye majimaji la mto Cosson, kilomita chache kutoka mji wa Blois, katikati ya msitu wenye wanyama wa kuwinda. Nembo yake, salamanda anayekaa ndani ya moto bila kuungua, imechongwa kwenye dari za ghorofa ya pili pamoja na herufi F, mara nyingi kiasi kwamba ukiinua macho huna budi kumkumbuka.

Ramani: msalaba na nyumba nane

Chukua karatasi uchore mraba. Gawanya kwa njia mbili pana zinazokatana katikati, kama alama ya kujumlisha. Zimebaki pembe nne tupu. Kila pembe weka nyumba kamili: chumba kikubwa chenye meko, vyumba vidogo vya faragha, mahali pa kuweka nguo, choo. Kisha nje ya kila pembe ongeza mnara wa mviringo, na ndani ya mnara weka nyumba nyingine ya namna hiyo. Hiyo ndiyo ghorofa moja ya jengo kuu la Chambord: kumbi nne zinazounda msalaba, na nyumba nane kuzizunguka.

Aliyewahi kupanga kwenye jengo la ghorofa la Kariakoo au Eastleigh anaujua mpango huu bila kuambiwa: unapanda ngazi za katikati, unatokea kwenye uwazi wa pamoja, na milango ya wapangaji iko pande zote, kila mmoja na vyumba vyake vinavyofanana na vya jirani. Kwa Ufaransa ya 1519 lilikuwa jambo geni. Nyumba za mabwana zilikuwa na vyumba vilivyofuatana kama mabehewa ya treni, hata kufika cha mwisho ulipita katika vyote. Hapa kila mgeni mkubwa alipata makao yake yanayojitegemea, na mahali pa kukutania pakabaki katikati.

Mpango huo haukutoka hewani. Karibu na mji wa Firenze, Italia, huko Poggio a Caiano, mjenzi Giuliano da Sangallo alikuwa ameijengea familia tajiri ya Medici nyumba yenye makao manne kwenye pembe na ukumbi katikati. Mwanafunzi wake, Domenico da Cortona, alikuwa Ufaransa akimtumikia mfalme, na ndiye aliyetengeneza mfano wa mbao wa kasri. Hesabu za malipo yake zipo. Mfano wenyewe umepotea, lakini katika karne ya 17 mwandishi André Félibien aliuona akauchora. Mchoro huo ni wa thamani kubwa kwa sababu unaonyesha kitu ambacho hakikujengwa: ngazi za kawaida, zilizonyooka, zimewekwa ndani ya mkono mmoja wa msalaba. Katikati pako wazi.

Kati ya mfano wa mbao na jengo la mawe, mtu akaziondoa ngazi kwenye mkono wa msalaba akazisimamisha kitovuni. Swali zima la Leonardo linakaa hapo.

Ngazi mbili ndani ya nafasi moja

Shika kamba ya katani iliyosokotwa kwa nyuzi mbili. Fuata uzi mmoja kwa kidole: unazunguka na kupanda, na kila unapomaliza nusu ya mzunguko unaona uzi wa pili ukipita upande wa pili. Nyuzi zote mbili zinazunguka mhimili mmoja, zinapanda kwa kasi moja, zinafika mwisho pamoja, na hazikutani hata mara moja. Ngazi za Chambord ni kamba hiyo iliyokuzwa na kugeuzwa jiwe. Kuna milango miwili ya chini, inayotazamana kutoka pande mbili za kitovu. Ukiingia huu na mwenzako akaingia ule, mtapanda pamoja hadi kwenye uwanja wa juu ya paa bila kupishana. Kila ghorofa ina njia ya kutokea kutoka ngazi zote mbili.

Ugumu wake uko kwenye nafasi ya kichwa, jambo ambalo picha hazilionyeshi. Tufanye hesabu ya mfano, kwa vipimo vya kawaida vya ngazi wala si vya Chambord yenyewe. Mtu anahitaji karibu mita 2 kupita wima, na jiwe la ngazi iliyo juu yake lina unene wake, tuseme sentimita 40. Jumla ni mita 2.4. Kipandio kimoja kikiwa na kimo cha sentimita 15, unahitaji vipandio 16 kabla ya ngazi kuruhusiwa kupita juu ya kichwa chako.

Kama ngazi ni moja tu, vipandio hivyo 16 vinagawanywa kwenye mzunguko mzima. Kila kimoja kikiwa na upana wa sentimita 40 pale mguu unapokanyaga, duara la kutembelea lina urefu wa mita 6.4, yaani kipenyo cha mita 2 hivi. Zikiwa ngazi mbili, juu ya kichwa chako hupita ngazi ya mwenzako baada ya nusu ya mzunguko tu. Vipandio 16 lazima vitoshe kwenye nusu duara, na duara zima linataka 32. Kipenyo kinakuwa mita 4. Zikiwa ngazi nne, vipandio 16 vinasongamana kwenye robo ya duara, duara zima linabeba 64, na kipenyo kinafika mita 8. Mjenzi asiyekubali kuongeza kipenyo atalipa kwa njia nyingine: ama ngazi ziwe kali kama za kupandia dari, ama wageni wainame. Kila ngazi inayoongezwa inakula ukumbi.

Nimetaja ngazi nne kwa makusudi. Mwaka 1570, Andrea Palladio, mjenzi aliyeheshimiwa kuliko wote katika Italia ya wakati huo, alichapisha maelezo ya ngazi za Chambord akasema ziko nne, zenye milango minne. Ziko mbili. Kwa muda mrefu ilichukuliwa kuwa ni kosa la mtu aliyesikia kwa mbali. Lakini tazama tena ramani yako: kumbi ni nne. Ngazi mbili zinahudumia moja kwa moja kumbi mbili zinazotazamana, na mtu wa kumbi nyingine mbili lazima azunguke kitovu ndipo apate mlango. Ngazi nne zingeipa kila kumbi mlango wake. Wapo watafiti waliozipima kuta mwanzoni mwa karne hii na kuona dalili kwamba mpango wa kwanza ulikuwa wa namna hiyo: pembe nne zikizunguka kitovu kama mapanga ya feni, kila moja imegeuzwa robo kutoka kwa mwenzake, na katikati ngazi zenye mikono minne. Mpango huo ukabadilishwa kazi ikiwa imeshaanza. Naona hoja yao ina nguvu kwa sababu inaeleza mambo mawili kwa mpigo: maneno ya Palladio, na kutolingana kwa baadhi ya kuta ambako vinginevyo kungekuwa uzembe wa ajabu kwa waashi hodari kiasi kile.

Sasa hadithi ya malkia na hawara. Kitovu cha ngazi ni uwazi, na ukuta wa kitovu hicho umetobolewa madirisha. Anayepanda upande mmoja anamwona anayeshuka upande wa pili, uso kwa uso, mara baada ya mara, mpaka juu. Mtu anayetaka kuficha siri hatoboi madirisha kati ya wanaofichwa. Wengine husema ngazi moja ilikuwa ya watumishi. Nalo halisimami, kwani ngazi zote mbili zina upana mmoja na nakshi za hadhi moja, na kasri lina ngazi 77 kwa jumla, nyingi zikiwa nyembamba za kona, zilizotosha kwa kazi za ndani. Ngazi za kitovuni zilikuwa za kutazamwa na kutazamana. Maisha ya mfalme na watu waliomzunguka yalikuwa jukwaa, na hapo ndipo watu walipoingilia jukwaani.

Je, ni Leonardo?

Yaliyo thabiti ni haya. Leonardo alifika Ufaransa mwaka 1516 kwa mwaliko wa François, akapewa nyumba katika mji wa Amboise, na akafa huko tarehe 2 Mei 1519. Agizo la kuanza Chambord lilitoka miezi minne baadaye. Hakuna hati iliyobaki inayomtaja Leonardo kuwa mchoraji wa kasri hili, wala mchoro wake wenye jina la Chambord. Kwa hiyo kusema "alilijenga" ni kosa la wazi: hakuliona hata jiwe moja.

Upande wa pili wa mizani nao una uzito. Katika daftari lake liitwalo Hati B, lililopo Paris kwenye Institut de France, Leonardo alichora ngazi zenye njia mbili na zenye njia nne zinazozunguka pamoja. Alichora pia makanisa mengi yenye ramani ya msalaba ulio sawa pande zote na kitovu kilichoinuka. Na katika miaka yake ya mwisho alibuni kasri kubwa la Romorantin, mwendo mfupi kutoka Chambord, kwa ajili ya Louise wa Savoy, mama wa mfalme. Mradi huo uliachwa. Mfalme aliyepoteza kasri moja la Leonardo akaanza lingine jirani, akiwa na Domenico wa kumtengenezea mfano, ni vigumu kuamini kwamba mazungumzo ya Amboise hayakuacha alama.

Msimamo wangu ni huu: wazo la kitovu lina harufu kali ya Leonardo, mpango wa makao ya pembeni ni wa shule ya Sangallo kupitia kwa Domenico, na jengo lenyewe ni la waashi Wafaransa. Hao wa mwisho husahaulika, na ndio waliobeba mzigo. Jacques Sourdeau, Denis Sourdeau na Pierre Nepveu aliyeitwa Trinqueau walikuwa mafundi wakuu walioufanya mchoro usimame. Ngazi zenye njia mbili unaweza kuzichora kwa dakika kumi. Kuchonga kila kipandio ili ncha yake ya ndani iingie kwenye ukuta wa kitovu kwa pembe sahihi, mzunguko baada ya mzunguko, bila kosa la sentimita moja kujilimbikiza mpaka juu, ni kazi ya mtu anayelijua jiwe.

Jiwe laini, paa lenye mji

Jiwe hilo linaitwa tufo, chokaa nyeupe nyepesi ya bonde la Loire. Linapotoka machimboni lina maji ndani yake na hukatika kwa msumeno, kisha likikauka hukaza uso. Wakazi wa Lamu na Unguja wanalijua jambo hili kutokana na matumbawe yaliyochimbwa baharini: fundi aliyachonga yangali mabichi, ndipo akapata zidaka na nakshi za kutani ambazo leo zimekuwa ngumu. Ulaini wa tufo ndio uliowezesha takriban vichwa 800 vya nguzo vilivyochongwa Chambord.

Ulaini huo pia ndio ugonjwa wake. Tufo hunywa mvua kama sifongo. Maji yakiganda ndani yake wakati wa baridi hutanuka na kulipasua. Moshi wenye salfa nao ukikutana na chokaa yenye unyevu hufanya gamba jeusi la jasi juu ya jiwe, na gamba hilo likishikamana huja kubanduka na uso mzima wa jiwe, nakshi na yote. Dawa ni kuliondoa jiwe lililokufa na kupachika jingine la aina ileile kwa udongo wa chokaa. Saruji haifai hata kidogo, maana haipitishi unyevu. Maji yaliyozoea kutoka kupitia kiungo cha chokaa hukwama, yakalazimika kutokea kwenye jiwe lenyewe pamoja na chumvi zake, na jiwe likageuka unga. Nyumba za Mji Mkongwe zilizopigwa plasta ya saruji juu ya kuta za mawe na chokaa zimeumia kwa njia hiyohiyo.

Juu ya paa ndipo Chambord linapoacha unyenyekevu kabisa. Kutoka kwenye uwanja wa juu unajikuta kati ya dohani, madirisha ya paa, vibanda na minara midogo iliyosongamana kama vichochoro vya mji. Katikati unasimama mnara unaofunika ngazi kuu, umeshikwa na matao pande zote, kilele chake kikifika mita 56 kutoka ardhini. Ukisogea karibu na dohani moja utaona duara, pembetatu na miraba myeusi imepachikwa kwenye jiwe jeupe. Macho huyadhani marumaru. Ni vipande vya mwamba mweusi wa kuezekea, uleule wa mapaa, vilivyokatwa na kupachikwa ili kuiga kuta za marumaru za rangi walizoziona Italia. Waashi walichukua kilichokuwepo wakakifanya kionekane kile ambacho hakikuwepo, na wamefanya kwa ustadi ambao sijachoka kuusifu. Kutoka huko juu, wageni wa mfalme walitazama msafara wa uwindaji ukitoka na kurudi.

Kasri lisilokaliwa

Meko ya dohani hizo hayafiki 365. Hesabu inayotolewa na kasri lenyewe ni meko 282, vyumba 426, na uso wa mbele wenye urefu wa mita 156. Namba 365 inapendeza masikioni, ndiyo maana haifi.

Na meko 282 hayakutosha. Sababu iko kwenye ramani ileile. Kumbi nne ziko wazi kuelekea kitovu, na kitovu ni bomba refu lililo wazi kutoka chini hadi kileleni. Hewa ya moto hupanda. Ukiwasha moto kwenye chumba, joto hutafuta mlango, hufika ngazini na kupaa, na mahali pake huvutwa hewa ya baridi kutoka chini, yenye unyevu wa bonde la mto. Kwa maneno mengine, ngazi za fahari ni dohani kuu ya nyumba. Waliokuja baadaye kukaa kweli walilazimika kupambana nalo: Louis wa 14 aliziba mkono mmoja wa msalaba kwenye ghorofa ya kwanza ili apate makao ya kifalme yenye vyumba vinavyofuatana, na katika karne ya 18 yakaletwa majiko makubwa ya kauri, kwa kuwa meko ya wazi yalipeleka joto jingi juu pamoja na moshi.

François mwenyewe alitumia takriban siku 72 Chambord katika utawala wa miaka 32. Wengi hulichukua hilo kama ushahidi wa upumbavu au ubadhirifu. Ubadhirifu ulikuwepo, hasa ukikumbuka kwamba alitekwa vitani Pavia Februari 1525, akafungwa Madrid, fidia yake ikailemea nchi, na bado ujenzi ukaendelea aliporudi mwaka 1526. Lakini mfalme wa Ufaransa wakati huo hakukaa mahali pamoja. Alihama na maelfu ya watu na farasi, wakibeba vitanda, mazulia ya kutundika ukutani na vyombo vya fedha. Chambord lilikuwa ganda: liliwekewa vitu mfalme alipokuja, likabaki tupu alipoondoka. Hapakuwa na mji wa kuwalisha watu hao, hivyo hawakuweza kukaa muda mrefu hata wangetaka.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuonwa. Desemba 1539 Kaisari Charles wa Tano, yuleyule aliyekuwa amemfunga Madrid, alipita Ufaransa kwa amani akakaribishwa Chambord. Jengo kuu lilikuwa tayari. Kwa François, nadhani siku hizo zilitosha kulipa gharama.

Alifariki mwaka 1547 kazi ikiwa haijakwisha. Mwanawe Henri wa Pili aliendeleza bawa la kanisa, na ni Louis wa 14, zaidi ya karne moja baadaye, aliyekamilisha sehemu zilizobaki. Mwandishi wa tamthilia Molière na kundi lake waliigiza humo mbele yake mwaka 1669 na 1670. Stanisław Leszczyński, mfalme wa Poland aliyekuwa uhamishoni, aliishi humo kuanzia 1725 hadi 1733. Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja, samani ziliuzwa. Serikali ya Ufaransa ililinunua kasri mwaka 1930 pamoja na msitu wake wa hekta 5,440, uliozungushiwa ukuta wa kilomita 32, eneo linalokaribia nusu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Agosti 1939, vita vikibisha hodi, masanduku ya kazi za sanaa za Louvre, jumba la makumbusho la Paris, yalihamishiwa humo, na mchoro wa Mona Lisa ulikuwa miongoni mwake. Utupu wa kasri ulifaa kitu siku hiyo.

Ni nini hasa kinachoanguka?

Bawa lililoleta habari za 2025 linaitwa bawa la François wa Kwanza. Liko upande wa mashariki wa ua, nje ya jengo kuu la msalaba. Mfalme aliliongeza baadaye, alipoona kwamba makao ya kwenye pembe hayamtoshi, akahamishia huko vyumba vyake. Tatizo lake si uchakavu wa kuta peke yake. Liko ardhini.

Chini yake kuna udongo wa mfinyanzi. Fundi yeyote aliyejenga juu ya udongo mweusi wa mbuga anaujua ubaya wake: masika hunywa maji na kuvimba, kiangazi hukauka, hunywea na kuchanika nyufa zinazomeza mguu. Nyumba iliyo juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka. Ingekuwa inapanda na kushuka sawasawa pande zote isingedhurika sana, lakini upande ulio karibu na maji haukauki kama upande wa jua, na hapo ukuta mmoja hushuka wakati mwingine umesimama. Mawe ya tufo, yaliyoungwa kwa chokaa, hayawezi kujikunja kufuata mwendo huo. Huachana, nyufa hufunguka kwenye matao na juu ya madirisha, na sakafu hupoteza mashiko.

Kwa karne nne na zaidi bonde la Cosson lilikuwa na unyevu usiobadilika sana, udongo ukatulia. Miaka ya karibuni imekuwa ya kupita kiasi: ukame mkali wa kiangazi mara kwa mara, na mafuriko kama ya Juni 2016, ambapo mto ulivunja kingo zake na kasri likaonekana limesimama katikati ya ziwa. Ni zamu hizo za kujaa na kukauka zinazoliumiza bawa, na ndiyo maana kuziba nyufa kwa chokaa pekee hakutoshi: ufa uliozibwa wakati udongo umenywea utasukumwa upya utakapovimba, na ule uliozibwa udongo ukiwa umevimba utafunguka pembeni yake kiangazi kinachofuata.

Jengo kuu, lenye ngazi zake mbili na dari zenye salamanda, liko wazi kwa wageni. Vilivyofungwa ni vyumba ambavyo François alijijengea akipanga kukaa.